Kadi za Idi Kutoka Lamu

Si mara moja wala mbili wasomaji wa ukurasa huu wametuandikia kutaka kujua namna ya kutengeneza kadi za Idi nyumbani kwa mikono, zile zenye maua ya kupigwa mhuri na maua ya karatasi yaliyotobolewa na kubandikwa. Tumekawia kuwajibu, kwani jambo usilolitenda kwa mkono wako ni zito kulifundisha. Basi katika Ramadhani ya mwaka 2024 tulipata sababu ya kwenda Lamu, tukakaa siku tisa katika nyumba ambayo kadi hizo hutengenezwa kila mwaka. Haya tunayoyaandika ni khabari za safari hiyo, na mwenye kutaka kujifunza kazi yenyewe ataikuta humo ndani.

Tulitoka Mombasa kwa basi la alfajiri, wanawake wawili pamoja na mpwa wetu aliyekuwa maharimu yetu. Njia hupita Malindi, ikafika Garsen, ikafika Witu, mpaka Mokowe ambako bara hukoma. Mara kadhaa tuliteremshwa njiani kuonyesha vitambulisho, nasi tumefunga na jua limewaka, na mpwa wetu akawa kila mara anauliza kama saa zetu ni nzima. Huko Mokowe tukapanda mashua, na baada ya kitambo kidogo mji wa Lamu ukatutokea mbele ya macho, nyumba zake zimesimama ukingoni mwa maji na minazi nyuma yake.

Wasomaji wetu wamekwisha kusikia mengi juu ya Lamu: ngome yake iliyokamilika mwaka 1821, Msikiti wa Riyadha na Maulidi yake, na vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hawapishani illa mmoja akubali kurudi nyuma. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Hayo hatuyarudii. Tunataka kutaja jambo moja tu ambalo hatukuliona mpaka tulipokuwa tumekwisha kukaa siku mbili, nalo ni kwamba katika mji ule mtu huzungukwa na maua ambayo hayakuota ardhini. Yako juu ya milango, yamechongwa katika mbao duara kwa duara. Yako katika kuta za nyumba za zamani, yamekatwa katika chokaa pembezoni mwa vidaka. Yako hata katika vichwa vya wanaume, kwani kofia nzuri ya viua haina kitu ndani yake illa matundu madogo yaliyotobolewa katika kitambaa cheupe, na kila tundu likazungushiwa uzi, mpaka matundu yakikusanyika yakawa ua. Tulimtazama mzee mmoja aliyekaa katika baraza mbele ya duka akishona kofia ya namna hiyo, asiinue uso wake hata sisi tulipotoa salamu; aliitikia kwa sauti huku macho yamo tundu lilelile. Ua lile hufanywa kwa kile kilichoondolewa. Ilitubidi kulikumbuka jambo hilo baadaye.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa mtaa wa Langoni. Mwenyewe ni bibi aliyepita miaka sabini, aliyesomesha wasichana Kurani kwa muda mrefu, na kwa kuwa hakutaka jina lake liandikwe tutamwita Bi Mkubwa, kama alivyoitwa na kila mtu aliyeingia mle ndani. Baada ya sala ya adhuhuri wajukuu zake na mabinti wa majirani walikuwa wakikusanyika katika kiwanda, yaani uwanda wa ndani usiokuwa na dari, wakatandika mkeka upande wenye kivuli. Walikuwa tisa, mkubwa wao kiasi cha miaka kumi na minane, na mdogo hajaanza kufunga illa kwa nusu siku.

Karatasi yao ni manila, ile ngumu kidogo inayouzwa katika maduka ya vitabu. Karatasi moja ya ukubwa wa A4 hukatwa kati ikawa vipande viwili, na kila kipande kikikunjwa huwa kadi moja. Lakini kabla ya kukata, msichana hushika karatasi akaipinda taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja hupinda kwa wepesi na upande wa pili hukaidi. Hapana budi kukunja kwa upande ule mwepesi, kwani ukikunja kwa ule unaokaidi mgongo wa kadi hupasuka, ukatoa nyuzinyuzi zisizopendeza. Kunja lenyewe halikazwi kwa ukucha, bali kwa mgongo wa kijiko. Sisi tulikunja kadi zetu tatu za mwanzo kwa haraka bila ya kujaribu, na zote tatu zikapasuka. Mdogo wao akacheka, akaonywa.

Ama mhuri wao, hatukuamini tulipouona. Ulikuwa bamia.

Ukiikata bamia kwa upana, karibu na kichwa chake, utaona ndani yake vyumba vya mbegu vimepangika duara, aghalabu vitano, na ukingo wake una pembe tano. Ukiichovya katika pedi ya wino ya mhuri ukaikandamiza juu ya karatasi, hutoa ua la petali tano lililo sawasawa, kana kwamba fundi amelichonga. Kile kichwa chenye kikonyo huwa ndicho cha kushikia. Hivyo bamia yenyewe huingia chunguni kwa futari, na kile kichwa ambacho kingetupwa huingia kazini. Wala kisirudishwe chunguni baada ya kutiwa wino, alituonya Bi Mkubwa, kana kwamba sisi ni watu wa kufanya hivyo.

Ila bamia ina utelezi, na utelezi ndio adui wa wino. Kwa hiyo vile vichwa hulazwa kifudifudi juu ya kitambaa kikavu kwa kiasi cha nusu saa kabla ya kutumika. Chapa ya kwanza hupigwa juu ya karatasi mbovu, kwani huwa na wino mwingi. Ya pili na ya tatu ndizo nzuri. Mkono hushuka wima ukapanda wima. Anayezungusha mkono, hata kidogo, huharibu ncha za petali. Kichwa kimoja hutosha kadi kumi au zaidi, kisha hulainika, na hapo hutafutwa kingine.

Wino wao ni mweusi na mwekundu, na rangi ya tatu ni manjano ya jikoni, yaliyochanganywa na maji kidogo na gundi. Mmoja katika mabinti alituonyesha ajabu moja: alipaka manjano juu ya kipande cha karatasi, yakakauka, kisha akapitisha juu yake unyoya uliochovywa katika maji ya sabuni, na pale ulipopita manjano yakageuka mekundu kama damu. Wekundu ule haudumu sana. Hata manjano yenyewe hupauka yakiachwa juani, na kwa sababu hiyo kadi zao hazisimamishwi dirishani, hukaa rafuni ndani ya chumba.

Sasa tuseme juu ya maua ya kubandika, ambayo ndiyo kazi hasa. Petali hutobolewa katika karatasi nyembamba kwa chuma. Chuma hicho ni bomba fupi, mdomo wake umenolewa na kuminywa ukawa na umbo la tone la maji. Karatasi nne hupangwa pamoja juu ya gogo, chuma husimamishwa juu yake, na hupigwa kwa nyundo ya mti pigo moja tu. Ukipanga karatasi nyingi kuliko hizo, zile za chini hazikatiki bali huchanika. Kila petali huwekwa katika kiganja cha mkono ikazungushiwa gololi ya mtoto mpaka iiname kama kijiko. Kisha petali tano hubandikwa duara, gundi ikatiwa kwenye ncha za ndani tu, ili ncha za nje zibaki zimeinuka. Juu yake hutiwa petali nyingine tano zilizo ndogo, zikakaa katika nafasi baina ya zile za kwanza wala si juu yake hasa. Katikati hutiwa kiduara kidogo kilichotobolewa kwa panchi ya ofisini na kupakwa manjano. Hapo ua limekuwa asumini, au kilua, kwa kadiri ya mtu anavyotaka kuliita.

Gundi yao ni uji wa unga wa ngano, na kwa kuwa katika hewa ya pwani uji wa ngano huvunda na kuleta wadudu, hutiwa matone ya mafuta ya karafuu. Tunawanasihi wasomaji wasiliache jambo hilo. Pia tunawanasihi wasipande zaidi ya tabaka mbili za petali ikiwa kadi itasafiri, kwani ua refu huvunjika ndani ya bahasha, na mpokeaji akafungua akakuta takataka.

Kazi ikimalizika, kadi hupangwa katika kapu, chetezo kikawekwa chini yake mbali kidogo, na udi ukafukizwa. Karatasi hushika harufu kuliko tulivyodhani. Moja tuliyoileta nyumbani ilikuwa bado inanukia Mfunguo Tatu.

Siku ya tatu tuliuliza swali lililokuwa likitusumbua. Katika kadi zote tulizoziona hapakuwa na hata moja yenye aya, wala Bismillahi, wala jina la Mwenyezi Mungu kwa khati ya dhahabu, kama tunavyoziona katika kadi za dukani. Nje ni ua, na ndani ni maneno machache ya Kiswahili: Idi ya baraka, na kheri nyingi, na jina la mpelekaji. Katika nyumba ya mwalimu wa Kurani jambo hilo lilitushangaza.

Bi Mkubwa hakujibu papo hapo. Alimaliza petali aliyokuwa nayo mkononi, kisha akasema, "Wanangu, kadi hukaa wapi baada ya Idi?"

Tukasema kwamba wengine huziweka.

"Na wasioziweka?"

Tukanyamaza. Akatueleza kwamba miaka kadhaa iliyopita, siku ya tatu ya Idi, alikuwa akipita ufukoni akaiona kadi ya dukani katikati ya maganda na mifuko, imekanyagwa na punda, na juu yake limeandikwa jina ambalo yeye hulitamka mamia ya mara kila siku. Akaiokota akaipeleka nyumbani akaichoma kwa adabu yake. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatapeleka jina hilo mahali asipoweza kulichunga. "Ua likikanyagwa," alisema, "hakuna aliyepata dhambi."

Tumelifikiri neno hilo mara nyingi. Katika nyumba zetu tunadhani kwamba kitu hakiwi cha Kiislamu mpaka kiandikwe kwa Kiarabu, na tukisha kukiandika hatujui tena pa kukiweka, kikazunguka juu ya majokofu na chini ya magodoro mpaka siku ya kufagia. Na inajulikana kutoka kwa Ibn Abbas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kwamba alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ni kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mdogo wa wale mabinti alikuwa na panchi ya plastiki yenye umbo la kipepeo, aliyoletewa na mjomba wake kutoka Mombasa. Alikuwa akiitoa kila siku na kuiweka mbele yake, na kila siku Bi Mkubwa aliitazama akasema, "Maua yatutosha," asiseme zaidi. Siku tuliyoondoka tulimkuta mtoto amegundua kwamba nusu ya kipepeo ni jani zuri sana.

Wako ndugu zetu wanaosema kwamba desturi nzima ya kadi si yetu. Ni kweli kwamba kadi za Krismasi za kupigwa chapa zilianza London mwaka 1843, na kwamba Waislamu wa Bara Hindi walikuwa wakipelekeana kadi za Idi mapema katika karne ya 20. Tulimweleza Bi Mkubwa khabari hizo. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba salamu ni yetu, na karatasi haina kabila. Sisi hatuoni la kuongeza, illa kwamba wengi wa wanaokataza kadi hatujawasikia kukataza zile picha za simu zinazotujia usiku wa Idi kwa mamia, zimepita kwa watu ishirini kabla ya kufika kwetu, na aliyetuma hajui kama ametutumia.

Siku ya tano chuma cha petali kikaharibika. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kwa kunolewa, ukaanza kutafuna karatasi badala ya kuikata. Kilitengenezwa Siyu, miaka mingi nyuma, na fundi wa makubadhi, kwani ni chuma kilekile ambacho wao hutobolea ngozi. Zimebaki kadi kumi na tano. Bi Mkubwa hakusema neno, lakini tulimwona akikigeuza chuma kile mkononi, nasi tukajitolea kwenda.

Siyu iko katika kisiwa cha Pate. Tulipanda mashua ya abiria mpaka Mtangawanda, tukapita baina ya mikoko iliyosimama katika maji, kisha tukachukua bodaboda katika njia ya mchanga. Bahari ilikuwa tulivu, lakini kiu ya siku hiyo hatutaisahau. Mji wenyewe leo ni mdogo. Ngome yake imesimama karibu na maji, na nyuma yake ni nyumba za mawe na za makuti, na magofu baina yake. Aliyefika pale bila ya kujua hatadhani kwamba katika miaka ya 1840 watu wa mji huu walilirudisha nyuma jeshi la Sayyid Said, wala kwamba hapa palikuwa na mafundi wa ngozi, wa samani na wa vitabu waliojulikana pwani nzima.

Hapo kwenye vitabu tunaomba ruhusa tusimame kidogo. Katika karne ya 18 na ya 19 waandishi wa Siyu walinakili Misahafu kwa mkono juu ya karatasi zilizoletwa kutoka ng'ambo, na pembezoni mwa kurasa wakatia mapambo ya maua na duara kwa rangi tatu: nyeusi, nyekundu na manjano. Misahafu hiyo leo inahifadhiwa na kusomwa na wataalamu, na huitwa kwa jina la mji, Kurani za Siyu. Sisi tuliposimama pale kivulini tukazikumbuka zile rangi tatu zilizokuwa katika visahani juu ya mkeka wa Langoni. Hatudai kwamba mabinti wale wamezipata huko. Bi Mkubwa mwenyewe alituambia kwamba alijifunza kwa mama yake, na mama yake hakusema alijifunza kwa nani.

Fundi tulimkuta barazani mwake, mtu wa makamo, anashona ukanda wa kubadhi. Alikitazama chuma, akakitambua. Alisema kwamba ni kazi ya baba yake, akatuonyesha alama iliyokuwa kwenye shina lake, ambayo Bi Mkubwa hakuwahi kuijali. Alipoambiwa kwamba hutumika kutobolea karatasi alitabasamu kidogo, nasi tukadhani kwamba amedharau. Lakini akachukua kipande cha gazeti, akakikunja, akapiga kwa chuma chake mwenyewe, akakifungua akakiangalia juani kwa muda mrefu. Kisha akatutengenezea kingine, na kwa malipo yake aliomba alipwe fedha ya kile cha pili tu. Kile cha baba yake akakinoa bure.

Wala kazi hii ya kukata maua ya karatasi si ya mashaka katika dola za Kiislamu. Katika karne ya 15 mafundi wa Herat waliikata karatasi mpaka ikawa khati na bustani, na baadaye kazi hiyo ikashamiri Istanbul, ambako Waturuki huiita kwa jina lililotokana na neno la Kiarabu la kukata. Mmoja wao, Fahri wa Bursa, alisifiwa kwa maua yake ya karatasi. Fundi wa Siyu hakuwa amesikia khabari zake. Alisema tu, "Basi naye alikuwa na chuma kikali."

Turudi Langoni. Katika kadi za mwaka ule iko moja ambayo hawakuigusa mabinti. Tuliona mapema kwamba kila gunia la bamia lilipofika, Bi Mkubwa alizikagua moja moja, akizigeuza na kuhesabu pembe zake kwa kidole gumba, kisha akaziachilia jikoni. Tulidhani anatafuta zilizokomaa. Siku ya saba alitoa moja akaifunga katika kitambaa, na usiku baada ya tarawehe, wasichana wamekwisha kwenda makwao, akakaa peke yake chini ya taa. Ilikuwa bamia ya pembe saba. Hizo hupatikana, lakini si nyingi.

Alitueleza bila ya kuulizwa. Yuko ndugu yake, tumbo moja, anakaa Mombasa. Walipofariki wazazi wao ilitokea khitilafu juu ya nyumba, nani akae na nani alipwe, na maneno yakasemwa mbele ya watu ambayo hayakufaa kusemwa hata faraghani. Ilikuwa miaka kumi na mmoja. Kila Idi humpelekea kadi kwa mkono wa msafiri, na hakupata kujibiwa. Mama yao alipokuwa hai alikuwa akiwapigia watoto wake maua ya bamia juu ya karatasi za vifurushi vya sukari, ili wanyamaze saa za alasiri wakati wa kufunga, na ile ya pembe saba ilikuwa ya yule aliyekuwa mbali siku hiyo, kwa madrasa au kwa ugonjwa.

Hatukujua la kusema. Mmoja wetu alisema kwamba huenda ndugu yake hazipati.

"Huzipata," alisema Bi Mkubwa. "Zingekuwa hazifiki zingerudi." Akapiga mhuri mara moja, akautazama, akaweka bamia chini. "Mimi naziogopa zile siku tatu, wanangu. Zangu zimekuwa miaka kumi na mmoja."

Hatuna haja ya kumweleza msomaji wa gazeti hili ni siku tatu zipi.

Asubuhi ya kuondoka alitupa bahasha ile, tukaiweka katikati ya vitambaa ili ua lisivunjike. Tunakiri kwamba tuliichukua kwa hofu. Kupeleka kadi ni jambo dogo. Kusimama mlangoni kwa mtu baina yake na dada yake si dogo, na mpwa wetu njia nzima alikuwa akitushauri tuisukume chini ya mlango tukimbie.

Tulifika Mombasa usiku, na kesho yake, alasiri ya mwezi ishirini na nane, tukaenda Mji wa Kale. Nyumba iko Kibokoni, juu ya duka. Mtoto wa kiume alitufungulia, akaita, na babu yake akatoka taratibu akishika ukuta. Tulitoa salamu tukasema tunatoka Lamu. Uso wake haukubadilika. Aliipokea bahasha, akaifungua kwa kisu kidogo bila ya kuichana, akaitoa kadi. Hakuifungua ndani. Aliisogeza karibu na macho yake, kisha akaanza kupitisha kidole juu ya ua lile jeusi, petali baada ya petali, midomo yake ikitikisika kidogo, mpaka akafika ya saba.

"Macho yake mazima?" aliuliza.

Tukamwambia kwamba huvaa miwani, lakini petali huzikata mwenyewe.

Akaitika kwa kichwa. Akaigeuza kadi nyuma, akainusa, akaiweka juu ya rafu upande usio na jua. Kisha akamwambia yule mtoto ateremke mpaka ofisi ya mabasi, akaulize basi la Mokowe la Idi pili huondoka saa ngapi. Hakusema ni nani anayesafiri, nasi hatukuuliza. Magharibi ilikuwa imekaribia na nyumbani wanatungoja kwa futari, tukaaga.